Akina Crawley Sebuleni Kwetu

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Maggie Smith amefariki jana, akiwa na miaka 89. Redio imemtaja kwa filamu za Harry Potter na kwa tuzo zake mbili za Oscar, na zote ni haki yake, lakini humu nyumbani tumefiwa na Bi Violet, bibi wa ukoo wa Crawley aliyemwigiza katika Downton Abbey. Wifi alinipigia simu kabla sijafungua duka: "Wifi, umesikia? Bibi yetu katutoka." Sikuhitaji kuuliza bibi yupi.

Jioni tumekubaliana kuianza upya Downton Abbey, toka sehemu ya kwanza hadi ya 52: mimi, wifi, na mama mkwe. Tamthilia ilipokuwa ikirushwa kwa mara ya kwanza, 2010 hadi 2015, mama alikuwa bado mkunga wa zamu za usiku na hakupata kuiona. Sasa amestaafu, ana nafasi, na ana maoni. Nami nitaandika humu ninavyowaona wote, maana wifi haachi mtu amalize sentensi.

Ninachompendea Bi Violet ni kwamba hasemi neno la kujazia kimya. Wenzake mezani wanapiga soga. Yeye anasubiri, kisha anatoa sentensi moja tu, na mtu mzima anabaki ameduwaa na uma mkononi. Taa ya umeme anaikinga kwa upepeo. Kiti cha ofisini kinachozunguka kinamshtua kana kwamba kina nia mbaya naye. Anauliza wikendi ni kitu gani, na anauliza kwa dhati kabisa: mtu ambaye hajapata kuajiriwa tangu azaliwe, Jumamosi yake ina tofauti gani na Jumanne?

Ila ukitaka kumjua barabara, mtazame kwenye maonyesho ya maua ya kijijini. Kila mwaka kikombe cha waridi ni chake, na kijiji kizima kinajua kwamba waridi bora ni la mzee Molesley. Safari hii anafungua karatasi yenye jina lake mwenyewe, anasita, kisha anasoma jina la mzee. Uso wa yule mzee! Nampenda Bi Violet kwa hilo kuliko kwa vijembe vyake vyote, na vijembe vyake nimevihifadhi.

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Mama kaanza na mirathi. Hakutaka kusikia habari za jumba wala magauni kabla hajaelewa mali ni ya nani. Nikamweleza: ni Aprili 1912, Titanic imezama, na humo wamekufa James Crawley na mwanawe Patrick, waliokuwa wamrithi Robert, yaani Lord Grantham, mwana wa Bi Violet. Robert ana mabinti watatu na hana mtoto wa kiume. Cheo, jumba, mashamba, na hata fedha za mkewe Cora, ambaye baba yake alitajirika kwa biashara kule Cincinnati, Marekani, vyote vimefungwa fungu moja na vitamfuata mwanamume aliye karibu zaidi katika ukoo, hata kama hakuna aliyewahi kumtia machoni. Naye ni Matthew, mwanasheria wa Manchester.

Mama akahesabu kwa vidole. "Mabinti watatu, hawana kaka. Kwetu hao wana theluthi mbili, kabla hujafika kwa huyo mwanasheria." Kisha akamgeukia Cora kwenye skrini. "Na wewe mwanangu, fedha zako uliziachaje zikajengewa kwenye kuta za watu?"

Tamthilia nzima ya mwandishi Julian Fellowes imesimama juu ya maswali hayo mawili, na mama kayauliza chai haijapoa.

Kuhusu Mary, binti mkubwa. Habari za kifo cha Patrick, aliyekuwa aolewe naye, zinafika, na jambo linalomsumbua ni kama itambidi avae nguo kamili za matanga. Wifi anasema huo ni ukweli wa moyo, kwamba hakumpenda na hataki kujifanya. Mimi nasema ni roho ya korosho. Aliyempenda Patrick ni Edith, binti wa kati, na hakuna hata mmoja ndani ya jumba lile aliyefikiri kumpa pole.

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Tumefika kwa Kemal Pamuk, mwanadiplomasia wa Kituruki, ambaye kila akitokea wifi anasimamisha picha ili amtazame vizuri. Anaingia chumbani kwa Mary usiku bila kualikwa, na kabla hakujakucha amekufa kitandani mwake. Ndipo wanawake watatu, Mary, mtumishi wake Anna, na mama yake Cora, wanambeba maiti gizani kupitia ukumbi mrefu ili wamrudishe kitandani kwake.

Mama alisimama. "Kwapani! Mshikeni kwapani, mtamwangusha!" Amebeba wagonjwa maisha yake yote, hawezi kuvumilia ubebaji mbaya. Wifi alikuwa sakafuni kwa kicheko.

Cora hasifiwi inavyomstahili. Watu wanamwona mpole, anainamisha kichwa pembeni, anasema taratibu. Lakini mwanamke huyu ameamshwa usiku wa manane, ameambiwa kuna mwanamume aliyekufa kitandani kwa bintiye, na akakamata kazi. Hasira kaziweka kiporo. Bwana mwenye nyumba hakuambiwa kwa miaka. Na Anna, mtumishi kijana, alibeba maiti asiyemhusu na asubuhi yake akaendelea na kazi kama kawaida. Huyo ndiye wa kupewa urithi.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Edith kaandika barua kwa balozi wa Uturuki, kumweleza Pamuk alifia wapi. Wifi alinitazama kwa ushindi: "Haya, mtetee."

Namtetea, na sisemi kwamba alifanya vyema. Barua ile ni mbaya. Lakini tuangalie ilitoka wapi. Mary ni mzuri wa sura na anajua. Sybil ni mdogo na anapendwa. Edith yuko katikati, pua yake inasemwa mbele yake, na wazazi wake wanazungumza juu yake kama mtu ambaye siku moja atawatunza uzeeni. Mtoto unayemwambia kila siku kwamba hana thamani atatafuta kitu chenye uzito, na kitu chenye uzito pekee alichokipata ni siri ya dada yake. Na Mary akalipa: Sir Anthony Strallan alikuwa tayari kumchumbia Edith, Mary akamnong'oneza kwamba Edith anamcheka, kwamba anamwita mzee wa kuchosha. Mzee wa watu akaaga, akaondoka. Edith alikuwa amesimama pale na gauni lake jipya, akitabasamu.

Kwa hiyo kosa kwa kosa. Ila la Edith lilisemwa na kila mtu kwa misimu sita, na la Mary likasahauliwa mwezi uleule. Hapo ndipo ugomvi wangu na watu wa jumba hili ulipo.

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Suruali ya Sybil! Wote wamekaa wakisubiri chakula cha jioni, mabibi na magauni yao ya kuburuza, na mtoto wa mwisho anaingia na suruali pana ya rangi ya bahari, imebanwa kifundoni, na kifua kimedariziwa. Bi Violet anataka kuzirai. Branson, dereva, anachungulia dirishani.

Kwa macho yangu ya fundi wa nguo, ile ni kazi safi sana. Kitambaa kinaanguka bila kuning'inia, kiuno kimekaa pale kinapotakiwa, na ile nakshi ya kifuani haivuti kitambaa hata kidogo. Mbunifu wa mavazi wa misimu ya kwanza ni Susannah Buxton, na ninaheshimu mkono wake. Kundi lake lilitafuta vipande halisi vya nguo za enzi zile, shanga na lesi, kisha likashona gauni jipya kuzunguka kipande cha kale. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kushona upya. Lesi ya miaka mia haina subira na sindano.

Sybil mwenyewe? Hana kasoro, na hiyo ndiyo kasoro yake. Nampenda, ila siwezi kubishana juu yake na mtu.

Jumatano, 16 Oktoba 2024

O'Brien na sabuni. Amesikia nusu ya mazungumzo, akadhani Cora anataka kumfukuza, akasukuma kipande cha sabuni kwa mguu pale Cora anapotokea bafuni. Cora kaanguka, mimba imetoka, na mtoto alikuwa wa kiume: yule mrithi aliyesubiriwa miaka yote.

Huyu ndiye mwanamke anayemvisha, anayemsuka nywele, anayemfunga vifungo vya mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ni nguoni hasa. Mama hakusema lolote kwa muda mrefu, kisha: "Na ataendelea kumvisha?" Ataendelea, mama. Misimu miwili mingine.

Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Leo nimegombana na wifi juu ya Bates, na ninaandika nikiwa bado na hasira.

Wifi anampenda John Bates, mtumishi anayemvisha Robert. Anasema ni mwanamume wa heshima: alipigana pamoja na Robert katika vita vya Makaburu, akarudi na mguu mbovu, anafanya kazi bila kulalamika. Yote kweli. Lakini Bates ana siri kwa kila jambo! Aliwahi kufungwa kwa wizi ambao hakuufanya, hasemi. Mkewe anamtesa, hasemi. Mtumishi mwenzake Thomas na O'Brien wanamchimba kila siku, anawaona, anawajua, hasemi. Ananunua chuma cha kunyoosha mguu, kinamchubua mpaka anavuja damu ndani ya suruali, na anaendelea kupanda ngazi na trei. Mpaka Bi Hughes, msimamizi wa nyumba, alipomkamata, wakaenda pamoja kulitupa lile dude ziwani.

Kunyamaza kuna mahali pake. Lakini Bates ananyamaza pale ambapo sentensi moja ingemwokoa yeye na Anna, anayekuja kuwa mkewe. Mkewe wa kwanza, Vera, anakufa kwa sumu, na polisi wanapomfikia tayari ameficha mambo mengi kiasi kwamba hata ukweli wake unafanana na uongo. Akahukumiwa kunyongwa, kisha kifungo cha maisha. Anna anahangaika msimu mzima kutafuta ushahidi. Mimi kama ni Anna ningemkalisha siku ya kwanza ya ndoa: Mume wangu, anza ulipozaliwa, sema yote, nimechemsha chai ya kutosha.

Wifi kaondoka bila kuaga. Kesho atarudi, diski ziko kwangu.

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Msimu wa pili, vita. Wa kwanza uliisha kwenye sherehe ya bustani, Robert akitangaza kwamba nchi imeingia vitani na Ujerumani. Wa pili unafunguka 1916, kwenye matope ya Somme, Ufaransa, na jumba linageuzwa mahali pa maofisa kupata nafuu.

Imesadifu kwamba ni leo. Tarehe kama hii mwaka 1914 vita hivyohivyo vilipiganwa hapa Tanga: jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India likashuka pwani yetu na kurudishwa baharini na askari wa von Lettow-Vorbeck, huku nyuki wakiwavamia watu. Makaburi yake yapo mjini. Mama alikumbusha kwamba wazee walisimulia zaidi habari za wapagazi, waliobebeshwa mizigo mpaka wakafia njiani, na majina yao hayakuandikwa popote. Downton haina neno juu ya hao, wala sikulitegemea.

Lakini kwa sababu ya hao nawatazama kwa jicho jingine wanaume wa jumba lile wasio mashujaa. Thomas Barrow ananyanyua kiberiti chake juu ya handaki usiku, makusudi, ili Mjerumani ampige mkono arudishwe nyumbani. Molesley, mwana wa yule mzee wa waridi, anaruhusu daktari aamini kwamba ana mapafu mabovu. William, kijana wa mezani, ndiye aliyekwenda kwa moyo mweupe, na ndiye aliyekufa. Wifi anawaita wale wawili waoga. Mimi siwezi. Bi Patmore, mpishi, alikuwa na mtoto wa dada yake aliyepigwa risasi na jeshi lake mwenyewe kwa woga, na yule mama mnene mwenye sauti ya king'ora akalia kimyakimya jikoni mpaka nikataka kuingia ndani ya skrini nimshike mabega.

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Daisy, msaidizi wa jikoni, kaolewa na William akiwa anakata roho. Hakumpenda, wote walimsukuma, Bi Patmore wa kwanza. Ninaipenda tamthilia hii kwa kuwa haikumfanya ampende baadaye ili sisi tufarijike. Daisy anabaki mjane mwenye aibu, mpaka baba mkwe, Bwana Mason, mkulima aliyefiwa na watoto wake wote, anapomwomba awe binti yake. Hapo hata mama, aliyezalisha mji mzima na kuzika wengi, alitafuta upande wa khanga wa kujifutia.

Na Thomas! Katoka jeshini, kanunua vyakula vya magendo kwa akiba yake yote, na Bi Patmore kaonja keki akatema: unga umechanganywa na plasta ya ukutani. Thomas alivunjavunja kila kitu kule ghalani. Ni mtu mbaya, mchongezi, na nilimhurumia kuliko Bates gerezani. Thomas anafanya hila kwa sababu haamini kwamba kuna atakayempa kitu kwa hiari. Mapenzi ya moyo wake ni kosa la jinai katika nchi yake ya wakati ule, na amejifunza kuuma kwanza.

Jumamosi, 23 Novemba 2024

Sybil.

Nilijua inakuja, sikumwambia mama. Lakini mama alijua kabla ya madaktari. Sybil analalamika kichwa, miguu imevimba, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mama yuko ukingoni mwa kiti: "Mpimeni mkojo! Hicho ni kifafa cha mimba, mpelekeni hospitali!" Dakta Clarkson, daktari wa kijiji, anasema maneno yaleyale: mkojo una protini, tumpeleke, tumpasue. Bingwa aliyeletwa kutoka London, Sir Philip Tapsell, anasema mama mzazi yuko salama. Robert anamsikiliza bingwa, kwa sababu bingwa ana cheo. Cora anamsikiliza Clarkson, kwa sababu Clarkson anamjua mtoto wake.

Mtoto akazaliwa salama, usiku ule Sybil akakakamaa mbele ya wote, na Tapsell akasimama kando mikono mitupu.

Mama alizima televisheni mwenyewe. Akasema amewahi kusimama kati ya daktari mwenye jina kubwa na mgonjwa aliyevimba, na si mara moja, na siku hizi kuna magnesiamu salfeti, dawa ambayo Clarkson hakuwa nayo mwaka 1920. "Lakini macho alikuwa nayo," akasema. "Yule wa London alikuwa na kola tu."

Robert simpendi tangu leo.

Jumapili, 24 Novemba 2024

Tumewasha tena, kwa ajili ya Bi Violet. Cora hamsemeshi mumewe. Bi Violet anamwita Clarkson na kumwomba awaambie wazazi kwamba hata upasuaji usingemwokoa Sybil. Clarkson anasitasita, nafasi ya kupona ilikuwepo, ingawa ndogo mno. Mwishowe anawaambia kwamba ilikuwa ndogo kiasi cha kutokuwepo, na Cora na Robert wanaanguka mikononi mwa kila mmoja.

Nilimtazama mama, nikidhani atakasirika kwa niaba ya ukweli. Akasema: "Kafanya vizuri. Waliobaki nao ni wagonjwa."

Jumapili, 1 Desemba 2024

Matthew, mume wa Mary, naye kafa barabarani, na gari lake, ametoka kumwona mwanawe mchanga hospitalini. Nikamweleza mama kwamba Waingereza walirushiwa sehemu hii usiku wa Krismasi ya 2012. Hakuamini. "Siku ya sikukuu? Watu wameshiba?"

Matthew alikuwa mtu mwema na sina la kuongeza. Watu wema hawanipi cha kuandika.

Edith, tena. Strallan amemwacha kanisani, mbele ya padri, na gauni jeupe refu mwilini. Kesho yake asubuhi angeweza kulala. Katika jumba lile mwanamke aliyeolewa huletewa kifungua kinywa kitandani, na asiyeolewa hushuka mezani. Edith anaamka na kushuka. Halafu anaandikia gazeti barua juu ya kura za wanawake, barua inachapishwa, baba yake ananuna, na mhariri wa London, Michael Gregson, anamwalika aandike. Mwanamke aliyeachwa altareni akapata kalamu! Wifi alikiri leo, kwa sauti ndogo, kwamba Edith anajitahidi.

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Mary na nguruwe. Lazima niandike, kwa haki.

Nguruwe wamefika shambani, birika lao la maji limepinduka, wanakufa kwa kiu. Mary amevaa gauni la jioni la shanga. Anavua viatu, anabeba ndoo usiku kucha pamoja na Charles Blake, mgeni wa jumba, matope mpaka kwenye nyusi, kisha wanarushiana matope, kisha anampikia mayai jikoni. Mama aligeuza uso kwa ajili ya nguruwe lakini alimsifu mbebaji ndoo. Mary akiwa na kazi mkononi ni mtu wa kupendeza kabisa. Akiwa ameketi sebuleni anasubiri wanaume wamchague, anakuwa kisirani. Wangempa shamba mapema, Edith angeishi kwa raha. Kuhusu lile gauni, moyo uliniuma: shanga zile hutungwa moja moja.

Jumapili, 15 Desemba 2024

Siwezi kumpenda Edith nikafumba macho. Amezaa na Gregson, ambaye wafuasi wa Hitler walimuua Munich mwaka 1923. Mtoto, Marigold, kampeleka kwa mkulima Drewe na mkewe, na Bi Drewe hakuambiwa ni wa nani. Alimlea kama wake. Kisha Edith akaja na cheti na kumchukua mlangoni. Baadaye familia ile ikalazimika kuhama shamba walilolilima vizazi na vizazi.

Bi Drewe ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote katika tamthilia hii, na kila mtu ndani yake anamtazama kama kero. Mama alisema: "Mtoto aliyelala mgongoni kwako miezi, ni wako." Nakubaliana naye, na bado nafurahi Edith alipompata bintiye. Yote mawili yako moyoni na hayapatani.

Jumatatu, 23 Desemba 2024

Carson ameoa! Mzee Carson, mkuu wa watumishi, ambaye simu ilimtisha na mashine ya kubanikia mkate ilimchukiza, amemwoa Bi Hughes. Kabla ya harusi Bi Hughes alimtuma Bi Patmore akamuulize anatarajia nini hasa usiku, na Bi Patmore alirudi mara ya kwanza bila kuuliza, uso umeiva. Wifi alijifunika mto. Jibu la Carson lilikuwa zuri: anataka ndoa nzima au asipate kabisa.

Lakini mwanamume akishaoa! Chakula hakina moto wa kutosha. Kisu hakikati. Bi Patmore angefanya hivi, Bi Patmore angefanya vile. Mwanamke ameamka alfajiri, amesimamia jumba zima mchana kutwa, na jioni mumewe anakagua sahani kana kwamba ni ya mfalme. Wanawake watatu tulizungumza kwa mpigo mmoja, hakuna aliyesikika.

Kisha Bi Hughes akafunga kifundo cha mkono kwa bandeji, akasema ameumia, na Carson akapika. Akamenya, akachemsha, akakimbizana na kuku kwenye oveni, na kilipofika mezani alikuwa amelala palepale kitini. Mama alipiga makofi. Nimemwomba mume wangu aje aione sehemu hiyo kesho, na amekubali.

Jumamosi, 28 Desemba 2024

Robert ametapika damu mezani, mbele ya Neville Chamberlain, waziri wa afya, kidonda cha tumbo kimepasuka. Mama kawa mtaalamu tena: alikuwa amekiona tangu anavyojishika tumbo. Nilimsamehe Robert nusu. Fedha za Cora alizipoteza kwenye hisa za reli ya Kanada, na akatamani kupeleka nyingine kwa tapeli Ponzi wa Marekani. Mtu huyu hapaswi kushika hata fedha za sokoni. Lakini alimwekea mtoto wa dada yake Bi Patmore kibao chake cha kumbukumbu alipokataliwa kwenye mnara wa kijiji, na hilo namwandikia.

Molesley kawa mwalimu. Mtu niliyemwona akipaka lami barabarani baada ya kukosa kazi, akitia nywele rangi mpaka Carson akashtuka, akidharauliwa na hata wapishi! Somo la kwanza watoto walimzomea. La pili akawaambia kwamba yeye ni mtumishi, kwamba alitaka kusoma na hakupata, na kitabu kilikuwa shule yake. Darasa likatulia. Nililia, wifi akalia, mama akasema watoto wana adabu wakiambiwa kweli.

Jumanne, 31 Desemba 2024

Tumemaliza usiku huu, na mwisho wenyewe ni mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1925. Edith kaolewa na Bertie Pelham, ambaye alimsaidia kuandaa gazeti alilorithi kwa Gregson usiku kucha siku alipomfukuza mhariri wake, na ambaye amerithi cheo kikubwa kuliko cha Robert. Edith sasa anampita dada yake na baba yake. Mary alikuwa amemtibulia kwa kumtaja Marigold mbele ya mchumba, Edith akamwambia usoni yale ambayo nimesubiri misimu sita kuyasikia, na ni Mary huyohuyo aliyewakutanisha tena kwa siri. Wifi anadai hilo linafuta deni. Nimempunguzia, sijalifuta.

Mikono ya Carson inatetemeka, hawezi tena kumimina mvinyo, na anayekabidhiwa nyumba ni Thomas Barrow. Yule aliyekata tamaa ya kuishi bafuni, akaokolewa na Bi Baxter, mtumishi mwenzake, sasa ndiye anayepokea makoti mlangoni. Sikuona mtu wa kufaa zaidi. Anazijua hila zote, ataziona zikija.

Kuhusu Henry Talbot, mume mpya wa Mary, mwendesha magari ya mashindano: baada ya Matthew kufa garini? Mary, mwanamke mwenye akili zako zote? Wifi hana jibu. Mama anasema ana meno mazuri.

Nilidhani mama atakwenda kulala. Akauliza: "Na yule mwalimu, na Baxter? Hawaoani?" Nikamwambia hawaoani kwenye tamthilia, ila ipo filamu ya 2022 ambamo Molesley anamchumbia Baxter bila kujua kwamba kinasa sauti kiko wazi na jumba zima linamsikia.

"Iwashe," akasema, akavuta mto.

Saa ni sita na nusu usiku, fataki zinapigwa huko mjini, na Molesley ndiyo kwanza anakohoa kusafisha koo.